Bomba la TAZAMA na Pigo Lisiloonekana

Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wachache wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wa haramu, na Zambia, nchi isiyo na bandari, ikajikuta imezibiwa njia yake ya mafuta. Jibu la Tanzania na Zambia lilikuwa bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Askari anayelinda bomba humwazia kwanza mwizi na mhujumu. Lakini yuko adui mwingine, naye hukaa ndani ya bomba lenyewe. Mafuta yaendayo ni mzigo mzito, mfano wa gari moshi refu. Vali ikifungwa ghafla, yaliyo nyuma huyagonga yaliyosimama, na wimbi la msukumo hurudi kinyume kwa kasi ipatayo mita 1,000 kwa sekunde. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Joukowsky, alieleza kanuni yake mwaka 1898 baada ya kuyachunguza mabomba ya maji ya Moscow. Kwa kanuni hiyo, mafuta yaendayo mita 1 tu kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, msukumo huongezeka kwa kiasi kipatacho mara 8 ya mkandamizo wa hewa.

Dawa ya kwanza ni muda. Wimbi hutumia sekunde 200 hivi kwenda kilomita 100 na kurudi. Vali ya mwisho wa bomba la urefu huo ikifungwa kabla ya muda huo kwisha, pigo huwa kamili, kana kwamba imefungwa papo hapo. Kwa hiyo vali kubwa hufungwa polepole. Pili, huwekwa vali za usalama zinazofunguka zenyewe na kuyamwaga mafuta katika tangi la akiba. Tatu, kituo kimoja kikikwama, vituo vya nyuma hupunguza msukumo mara moja. Nne, chuma hupewa unene wa kustahimili ziada iliyokwisha kupigiwa hesabu.

Hivyo basi, mlinzi asiguse vali ila kwa amri ya chumba cha uendeshaji, na kila alionalo aliarifu upesi. Mkono wenye haraka, hata ukiwa na nia njema, waweza kulipasua bomba ambalo jirani zetu hulitegemea.