Babu Anasikia, Ila Haelewi

Simama jioni pale Kariakoo. Makondakta wanaita abiria, wauzaji wana vipaza sauti, honi hazikomi. Ghafla mtu anakuita jina lako, nawe unageuka. Umemsikiaje katika kelele zote zile?

Sikio halikuchagulia. Lenyewe hupokea kila kinachokuja. Anayechagua ni ubongo, na huchagua zaidi kwa kunyamazisha.

Katika tabaka la juu la ubongo, seli za neva ni za namna mbili. Zipo zinazochochea wenzake, na zipo zinazowazuia. Hizi za kuzuia ni kama moja katika kila tano. Silaha yao ni kemikali iitwayo GABA, iliyogunduliwa katika ubongo mwaka 1950. Ni breki za ubongo.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Michael Wehr na Anthony Zador, walieleza walichokiona katika ubongo wa panya. Sauti inapofika, seli huchochewa. Kabla hazijapita hata sehemu kumi za elfu moja za sekunde, amri ya kuzuia hufuata na kufunga mlango. Hivyo seli hujibu mara moja, kwa wakati wake, kisha hunyamaza. Bila breki hiyo silabi moja ingemwagikia nyingine. Kumbuka kwamba "pata" na "bata" hutenganishwa na kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa tuje nyumbani. Uchunguzi wa wanyama umeonyesha kuwa breki hizi hulegea uzeeni. Hulegea pia baada ya sikio kuumizwa na kelele kubwa, na wataalamu wengi wanahusisha jambo hilo na ule mvumo wa masikioni usiokoma.

Ndiyo maana babu husema, "Nasikia mnaongea, ila sielewi mnachosema." Vijana hucheka na kudai kuwa babu husikia anachotaka. Kumbe mzee anasema kweli! Kumpigia kelele hakumsaidii sana, kwani kelele haziongezi breki. Apelekwe akapimwe masikio. Nyumbani, mkabilini uso kwa uso, aseme mmoja mmoja, tena taratibu.

Nanyi vijana, jihadharini. Kwa kipimo cha wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Zikifika 100, zimebaki dakika 15 tu. Seli za sikio la ndani zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

La mwisho nalisema nikiwa mtu wa redio, na linaniuma kidogo: babu anapozungumza, zimeni redio.