Filamu ya "Houdini" na Sauti ya Marehemu: Tutofautishe Kiini Macho na Uongo

Miongoni mwa filamu za zamani ambazo zimeendelea kupendwa na vizazi vingi ni ile ya Kimarekani iitwayo "Houdini", iliyotolewa mwaka 1953. Iliongozwa na George Marshall na kutayarishwa na George Pal kwa ajili ya kampuni ya Paramount. Wahusika wake wakuu ni Tony Curtis na Janet Leigh, ambao wakati huo walikuwa mume na mke katika maisha halisi. Inasimulia habari za Harry Houdini, mwanamazingaombwe aliyejulikana duniani kote kwa uwezo wake wa kujinasua kutoka katika pingu, minyororo, masanduku yaliyopigwa misumari na vyumba vya magereza.

Ni filamu ya kupendeza, na hatuna nia ya kumkataza mtu yeyote kuitazama. Hata hivyo, waliyoitengeneza waliyaremba maisha ya Houdini ili yawe hadithi ya mahaba na ya ajabu. Mahali walipoyaremba kuliko kwingine ni pale penye habari za kifo na za wafu. Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi waamini, kwa sababu katika familia zetu nyingi msiba huacha maswali, na hawakosekani watu wanaodai malipo ili kuyajibu.

Houdini alikuwa nani?

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Erik Weisz. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1874 huko Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Mayer Samuel Weisz, alikuwa rabi. Familia ilihamia Marekani Erik akiwa mtoto mdogo, ikakaa kwanza katika mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin. Ilikuwa familia maskini, na kijana huyo alianza kufanya kazi mapema ili kuwasaidia wazazi wake. Jina la jukwaani alilitoa kwa Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe wa Ufaransa aliyemtangulia.

Mwaka 1894 alimwoa Wilhelmina Beatrice Rahner, aliyeitwa Bess, binti wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ujerumani kutoka Brooklyn, New York. Filamu inamwonesha Bess kama msichana aliyekuja kutazama onesho na kuvutwa na kijana wa jukwaani. Kwa kweli Bess naye alikuwa msanii wa jukwaani walipokutana, na kwa miaka mingi alifanya kazi bega kwa bega na mumewe. Marekebisho ya namna hiyo ni madogo na hayamdhuru mtu. Yako mengine yaliyo mazito zaidi.

Sauti chini ya barafu

Katika filamu, Houdini anafungwa pingu na kutumbukizwa katika mto Detroit wakati wa baridi kali. Anajinasua, lakini mkondo wa maji unamsukuma chini ya tabaka la barafu, naye anapoteza njia. Akiwa anahangaika kutafuta pumzi, anasikia sauti ya mama yake ikimwita, anaifuata, na hivyo analipata tundu la kutokea. Baadaye anapata habari kwamba mama yake alifariki saa ileile.

Mtazamaji hawezi kukosa kuguswa. Lakini tuziangalie tarehe. Houdini aliruka katika mto Detroit kutoka daraja la Belle Isle mnamo tarehe 27 Novemba 1906. Mama yake, Cecilia Weiss, alifariki tarehe 17 Julai 1913, wakati Houdini alipokuwa Copenhagen, Denmark, kwa ajili ya maonesho. Kati ya matukio hayo mawili kuna zaidi ya miaka 6. Sauti iliyomwokoa ilitungwa na waandishi wa filamu.

Vivyo hivyo kuhusu kifo chake. Filamu inamwonesha akipatwa na mauti kwa sababu ya onesho lake maarufu kuliko yote, ambamo aliteremshwa kichwa chini, miguu ikiwa imefungwa, ndani ya tangi la maji lenye kioo. Onesho hilo ni la kweli, naye alilifanya kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1912, lakini hakufia humo. Mnamo Oktoba 1926 alivunjika kifundo cha mguu alipokuwa akiandaliwa kuingia katika tangi hilo huko Albany. Siku chache baadaye, akiwa Montreal, Kanada, mwanafunzi mmoja alimpiga ngumi kadhaa za tumbo. Akaendelea na safari hadi Detroit, akapanda jukwaani tarehe 24 Oktoba akiwa na homa kali, kisha akafikishwa hospitalini. Madaktari walikuta kidole tumbo kimepasuka na maambukizi yameenea tumboni. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1926, akiwa na umri wa miaka 52. Kilikuwa kifo cha mgonjwa kitandani, kama wanavyokufa watu wengi.

Vita ambayo filamu inaififisha

Kifo cha mama yake kilimwumiza Houdini kuliko jambo lolote maishani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nchi za Ulaya na Marekani zilijaa familia zilizofiwa na vijana wao, na pamoja nazo wakajitokeza watu waliodai kuwa wanaweza kuzungumza na wafu. Vikao vyao vilifanyika gizani. Meza zilitikisika, kengele zililia, tarumbeta zilinong'ona, na waliofiwa walilipa fedha.

Houdini alifahamiana na Sir Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Conan Doyle alizaliwa Mkatoliki na kusomeshwa na Mapadre Wajesuiti huko Stonyhurst, Uingereza, lakini aliiacha imani na hatimaye akawa mhubiri mkubwa wa vikao vya kuita wafu. Mnamo Juni 1922, mjini Atlantic City, mke wake Conan Doyle aliandika kurasa nyingi akidai kwamba mkono wake unaongozwa na roho ya mama yake Houdini. Houdini alisoma kwa makini. Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza safi, lugha ambayo mama yake hakuiweza, na juu ya ukurasa palikuwa na alama ya msalaba, ingawa mama huyo alikuwa mjane wa rabi. Urafiki wa watu hao wawili haukudumu.

Tangu hapo Houdini alitumia ufundi wake kuwafichua matapeli. Alihudhuria vikao akiwa amejibadilisha sura. Mwaka 1924 alichapisha kitabu kuhusu uchunguzi wake. Mwaka huohuo, huko Boston, alishiriki katika kamati ya jarida la Scientific American iliyomchunguza mwanamke mmoja mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Margery. Kabla ya kikao Houdini alifunga bendeji ya kubana chini ya goti kwa muda mrefu, ili ngozi ya mguu wake iwe nyepesi kuhisi. Gizani, mguu wake ukiwa umegusana na ule wa Margery, alihisi jinsi mama huyo alivyousogeza mguu wake taratibu hadi kulifikia sanduku la kengele iliyosemekana kupigwa na roho. Mwaka 1926 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akiunga mkono muswada wa kupiga marufuku ramli za malipo mjini Washington.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alifanya jambo lingine la kufundisha. Mtu mmoja kutoka Misri alikuwa akidai kwamba anakaa ndani ya jeneza lililofungwa kwa nguvu zisizo za kawaida. Houdini akafungiwa katika jeneza la chuma, likazamishwa katika bwawa la kuogelea la hoteli ya Shelton, New York, akakaa humo saa 1 na dakika 31. Alipotoka alieleza kwamba hapakuwa na siri yoyote ila kutulia na kupumua kidogo kidogo.

Conan Doyle alishikilia kwamba Houdini mwenyewe alisaidiwa na nguvu za roho, hata kama alikana. Houdini alipinga hadi mwisho. Filamu ya mwaka 1953, kwa kumwekea sauti ya marehemu chini ya barafu, inamrudishia kitu kilekile alichokikataa maisha yake yote. Hapo urembo wa hadithi unageuka kuwa dhuluma kwa kumbukumbu ya mtu.

Je, mazingaombwe ni dhambi?

Baadhi ya waamini huuliza swali hili, nalo linastahili jibu lililo wazi. Kiini macho kinachofanywa kwa wepesi wa mikono, mbele ya watazamaji wanaojua kwamba wanaburudishwa, si uchawi. Mtakatifu Yohane Bosco, alipokuwa mvulana kijijini, alijifunza michezo ya sarakasi na mazingaombwe, akawakusanya watoto na watu wazima, na katikati ya michezo akawaalika kusali na kuwarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Ndiyo maana wanamazingaombwe wengi Wakatoliki humheshimu kama msimamizi wao.

Tofauti iko katika ukweli. Mwanamazingaombwe mwaminifu humwambia mtazamaji, kwa maneno au kwa mazingira ya jukwaa, kwamba huu ni mchezo. Tapeli huutumia ufundi uleule na kuuita nguvu ya roho, kisha humchukulia mjane fedha zake na amani yake.

Mama Kanisa anafundisha nini kuhusu kuita wafu?

Maandiko Matakatifu hayana utata. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (18:10-12) kinawakataza Waisraeli kupiga ramli na kuwaomba wafu. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28, kinasimulia jinsi mfalme Sauli, akiwa na hofu, alivyomwendea mwanamke wa Endori. Kesho yake alikufa vitani.

Tarehe 24 Aprili 1917, wakati vita vikiendelea na vikao hivyo vikienea, Kanisa lilitamka kwamba si halali kwa mwamini kuhudhuria vikao vya kuita roho, hata kama anatazama tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inarudia mafundisho hayo na kukataa kila namna ya ramli, pamoja na kuwaita wafu.

Twaweza kuuliza: ikiwa vikao hivyo ni utapeli mtupu, kwa nini Kanisa lisiwaachie wachunguzi kama Houdini? Ni kwa sababu tatizo haliishii kwenye udanganyifu. Anayekwenda kwa mwita wafu anatafuta kujua na kutawala yale ambayo Mungu ameyaweka mikononi mwake, na heshima inayomstahili Mungu peke yake anaipeleka kwingine. Katika mfano wa tajiri na Lazaro (Luka 16:19-31), tajiri anaomba mtu atumwe kutoka kwa wafu akawaonye ndugu zake. Jibu la Abrahamu ni kwamba wanao Musa na manabii, wawasikilize hao.

Kukataza huko hakumaanishi kwamba wafu wetu wametengwa nasi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Mwanga wa Mataifa, namba 49 na 50, unafundisha kwamba umoja wetu na ndugu waliolala katika amani ya Kristo haukatizwi. Tunawaombea, kama alivyofanya Yuda Mmakabayo kwa askari wake waliokufa (2 Wamakabayo 12:38-46), na watakatifu wanatuombea.

Bess na miaka kumi ya kungoja

Houdini alikuwa amekubaliana na mkewe neno la siri. Kama kweli marehemu wanaweza kurudi na kusema, angelileta neno hilo. Mwaka 1929 mtu mmoja alidai kuwa amelipokea, na Bess kwanza alitia sahihi kukubali, baadaye akakana. Kila mwaka aliendelea kungoja siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe. Kikao cha mwisho kilifanyika tarehe 31 Oktoba 1936, juu ya paa la hoteli ya Knickerbocker, Hollywood. Hakuna sauti iliyosikika, naye akauhitimisha msako huo. Bess alifariki mwaka 1943, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Gate of Heaven huko Hawthorne, New York, mbali na mumewe aliyezikwa katika makaburi ya Kiyahudi huko Queens.

Hatuna mamlaka ya kumhukumu mjane huyo. Aliyewahi kufiwa anafahamu jinsi mtu anavyotamani kusikia sauti moja tu. Lakini tuone alipokuwa akingoja: tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sherehe ya Watakatifu Wote, na siku mbili baadaye Kanisa zima huadhimisha Misa kwa ajili ya Marehemu Waamini Wote.

Ndugu zangu, hapa kwetu pia wapo wanaopita misibani wakidai kwamba marehemu amewatuma, au kwamba wanajua nani "amemla". Anayelipia maneno hayo huondoka na shuku dhidi ya jirani au ndugu yake, na mara nyingine ukoo mzima hufarakana. Familia iliyofiwa isiachwe peke yake mbele ya watu hao. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziendelee kuitembelea hata baada ya matanga kuanuliwa, na anayesumbuliwa na ndoto au hofu azungumze na paroko wake. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu aweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioambatana na dhambi yoyote. Nia za Misa kwa ajili ya marehemu hupokelewa katika ofisi za parokia mwaka mzima.