MAHARAGWE AU DODO? VYOTE VIWE SAHANINI



Tulipokwenda Rugaaga kuonana na vibarua wa mashamba ya ndizi, tulitaka kuzungumza habari ya mshahara. Mazungumzo yakaishia kwenye sufuria. Mama mmoja alituambia: "Kila siku posho na maharagwe. Tunashiba, lakini ikifika saa tisa kichwa kinazunguka." Msimamizi alikwisha mwambia kwamba maharagwe yanatosha, na majani ni chakula cha mbuzi. Maneno hayo tumeyasikia pia katika kiwanda kimoja cha Mbarara. Leo tunayajibu.

Maharagwe tunayasifu kwa haki. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina protini kama gramu 9. Dodo iliyopikwa ina gramu 2 tu. Protini ndiyo inayojenga misuli ya mtu wa jembe na wa mashine. Tena maharagwe na posho husaidiana: kinachopungua katika mahindi kimo katika maharagwe.

Lakini maharagwe hayana vitamini A, na vitamini C yake ni kidogo mno. Dodo, ambayo wenzetu Wakongo wa Nakivale huiita lengalenga, inazo zote mbili, pamoja na kalsiamu nyingi kuliko maharagwe. Vitamini A hulinda macho, nayo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee.

Sasa tuje kwenye damu. Maharagwe yana madini ya chuma, lakini mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Vitamini C ya mboga, nyanya au limau inapoliwa pamoja nayo, mwili huchukua zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia. Anayekosa chuma kwa muda mrefu hupungukiwa damu, akachoka na kupata kizunguzungu. Akina mama, hasa wajawazito, ndio wanaoumia zaidi. Basi dada mwenye kizunguzungu asiitwe mvivu. Aende apimwe damu.

Wenzetu wa Nakivale wanajua hatari ya kutegemea gunia peke yake. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Mgao ukipungua, tuta la dodo nyuma ya nyumba ni akiba. Dodo huvunwa baada ya wiki chache tu. Maharagwe hungojewa miezi.

Kwa hiyo tunasema:

1. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji hayo. Yataiva upesi na kuni zitapungua.

2. Osha dodo kabla ya kukata. Ipike muda mfupi kwa maji kidogo, usimwage mchuzi.

3. Chai ingoje saa moja baada ya chakula.

4. Kila kamati ya tawi ipeleke ombi kwa mwajiri: mboga za majani ziwekwe katika chakula cha mchana, na pale penye shamba, wafanyakazi wapewe kipande cha kulima mboga.

Ombi hili si la anasa. Fungu la dodo ni rahisi kuliko siku moja ya mfanyakazi mgonjwa. Lakini mtu mmoja akiomba peke yake ataambiwa anachagua chakula. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuombe pamoja.