Mtawala na Jirani Yake: Mwanga wa Historia juu ya Uongozi katika Nguu za Jadi

Mtahiniwa, suala la uongozi katika riwaya ya Nguu za Jadi haliwezi kutenganishwa na suala la ukabila. Mtemi Lesulia wa Matuo anataka kudumu mamlakani, na njia anayoitumia ni kuwainua Wakule na kuwadidimiza Waketwa. Wanafunzi wengi hulitaja jambo hili, lakini wachache hueleza *jinsi* linavyofanya kazi. Ili ulielewe, tutazame kwanza historia ya eneo letu la magharibi mwa Kenya.

Nabongo Mumia na Wabukusu

Mumia alitawazwa kuwa Nabongo wa Wawanga mwaka wa 1882, baada ya babake, Shiundu. Makao yake yalikuwa Elureko, mahali panapoitwa Mumias leo. Ufalme wake ulizungukwa na majirani wenye nguvu: Wabukusu upande wa kaskazini na Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini. Mumia alitamani kupanua mamlaka yake, lakini jeshi lake peke yake halikutosha. Kwa hiyo alitegemea nguvu za wengine. Wawanga walikuwa wakiwatumia mashujaa wa Kimaasai vitani. Aidha, Mumia aliwakaribisha wafanyabiashara kutoka pwani waliotafuta pembe za ndovu na waliokuwa na bunduki. Hatimaye aliwakaribisha Waingereza.

Mwaka wa 1895, C. W. Hobley alifika Elureko kuanzisha utawala wa Kiingereza. Wabukusu walikataa kusalimisha bunduki zao. Mwaka uo huo walishambuliwa katika ngome zao, kwanza Lumboka, kisha Chetambe, karibu na Webuye. Katika jeshi lililowashambulia mlikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai na Wawanga. Kuta za udongo na mahandaki yaliyokuwa yamewakinga Wabukusu dhidi ya mikuki ya majirani hayakuweza kuwakinga dhidi ya bunduki za rashasha.

Baada ya vita, Waingereza waliwapeleka Wawanga kuwa machifu na mawakala miongoni mwa jamii jirani. Murunga, nduguye Mumia, alifanywa chifu Kimilili, katika nchi ya Wabukusu. Mwaka wa 1909, Mumia alitangazwa Chifu Mkuu.

Ushindi ulikuwa wa nani?

Ukitazama juujuu, utasema Mumia alifaulu. Chunguza zaidi. Cheo hicho kipya alipewa na mgeni, na mpaji ndiye mwenye kuamua. Mwaka wa 1920, Waingereza walihamishia makao ya utawala Kakamega, na Elureko ikapungua hadhi. Nao Wabukusu hawakusahau. Katika miaka ya 1940, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa.

Hapa ndipo penye funzo: mtawala anayemshinda jirani kwa nguvu za kuazima hujipatia bwana juu yake na kinyongo chini yake.

Turejee riwayani

Sasa msome Lesulia kwa jicho hilo. Jiulize: nguvu zake zinatoka wapi? Hazitoki kwenye imani ya wananchi wote wa Matuo. Anategemea vibaraka, akiwemo Chifu Mbungulu. Makazi ya Waketwa huko Matango yanapochomwa, usiishie kuandika "kuna ukatili". Onyesha kwamba kuwadhulumu raia ni njia ya kulinda kiti. Onyesha pia kwamba dhuluma hiyo ndiyo inayowaamsha watu kama Mangwasha na kumpa Lonare uungwaji mkono.

Tofauti nayo ni muhimu. Wawanga na Wabukusu walikuwa jamii mbili zenye tawala zao. Wakule na Waketwa ni raia wa nchi moja, hivyo kosa la Lesulia ni zito zaidi: anawafanya watu wake mwenyewe kuwa maadui.

Tahadhari kwa mtahiniwa

1. Usiandike habari za Mumia katika jibu la riwaya. Mtahini hutuza hoja zinazotoka kitabuni. Historia hii ni ya kukufungua macho tu.
2. Usihukumu jamii nzima kwa matendo ya mtawala. Mwanga wa kawaida hakuketi barazani kugawa vyeo, na si kila Mkule ni dhalimu. Taja mhusika na tendo lake. Sisi tunaoishi Kitale, Bungoma na Mumias, ambako jamii hizi husoma darasa moja na kuoana, tuna sababu ya kulizingatia hili hata nje ya mtihani.
3. Kila hoja iwe na sehemu tatu: dai, tukio la kulithibitisha, na maelezo ya athari yake.

Swali la kujipima

"Mtawala anayewagawa watu hujichimbia kaburi." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kumrejelea Mtemi Lesulia katika Nguu za Jadi. (Alama 20)