Ukiumia kazini Marekani, usinyamaze

Wabeba boksi wa Marekani tunajuana. Yuko anayepanga mizigo ghalani usiku kucha, yuko anayewanyanyua wazee vitandani katika nyumba za kulelea wazee, na yuko anayesimama na kisu mkononi katika kiwanda cha nyama huko Iowa au Texas, mkanda ukimletea vipande bila kumpa nafasi ya kupumua. Hizi ndizo kazi zinazotuma fedha Kigoma, Bukavu, Bujumbura na Mombasa. Ndizo pia zinazovunja migongo na kukata vidole.

La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tukiumia hunyamaza. Kijana anateleza kwenye sakafu yenye mafuta, anaangukia kiuno, anajichua, anameza vidonge viwili vya maumivu na kesho yake yuko zamu. "Nitapona tu," anasema. Baada ya miezi miwili hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na anapokwenda ofisini kueleza anaulizwa swali moja: mbona hukusema siku ile?

Ukimya huo una asili yake. Wengi tumetoka mahali ambako kulalamika mbele ya wakubwa ni kujitafutia balaa, na mwandishi wa makala haya naye aliihama nchi yake kwa sababu ya kusema. Aliyeishi miaka mingi kambini Nyarugusu au Kakuma anaogopa jina lake kuandikwa kwenye karatasi asiyojua itaishia wapi. Kule ukimya ulituokoa. Huku, katika suala hili, ndio unaotunyang'anya haki.

Fidia si hisani

Fidia ya kuumia kazini nchini Marekani inatawaliwa na sheria za kila jimbo. Wisconsin ilianza mwaka 1911 na Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1948. Msingi wake ni makubaliano ya nipe nikupe. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa. Inatosha kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kwa upande wake, kwa kawaida hawezi kumshitaki mwajiri huyo mahakamani adai mamilioni.

Maana yake ni kwamba hata kama uliteleza kwa kutoangalia mbele, haki yako ipo, mradi hukulewa wala hukujiumiza makusudi. Haki hiyo si ya ajali ya ghafla peke yake. Kiganja kilichokufa ganzi kwa kukata nyama kwa mwendo uleule maelfu ya mara kinaweza kufidiwa pia.

Bima hulipia matibabu na sehemu ya mshahara uliopotea. Majimbo mengi hutoa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki, kwa kikomo maalumu, na fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna malipo yake, na mfanyakazi akifariki kuna haki za wanaomtegemea.

Kuna tahadhari mbili. Texas inawaruhusu waajiri binafsi kutojiunga na bima hii. Aliyeumia kwa mwajiri wa aina hiyo njia yake ni kushitaki na kuonyesha uzembe. Pia madereva na wengine wanaohesabiwa kuwa wamejiajiri mara nyingi huachwa nje. Hata hivyo, jina lililoandikwa kwenye mkataba si neno la mwisho. Sheria hutazama pia nani hasa anaiongoza kazi.

Siku zinahesabiwa

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna muda wa kumwarifu mwajiri, na kuna muda mwingine wa kufungua madai rasmi. Texas inatoa siku 30 za kuarifu na mwaka 1 wa kudai. Illinois ni siku 45, na miaka 3 tangu ajali. Iowa ni siku 90, na miaka 2 kwa ambaye hajalipwa chochote. Pennsylvania ni siku 120 na miaka 3. Msimamizi kujua kwamba umeumia hakumaanishi kuwa madai yako yamefunguliwa.

Kwa hiyo arifu siku ileile, na arifu kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unafaa kuliko maneno matupu: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kiungo kilichoumia na nani alikuwepo. Piga picha na utunze nakala nyumbani. Uliyeletwa na wakala wa ajira, waarifu wakala na kiwanda, wote wawili.

Kwa daktari, neno la kwanza liwe kwamba umeumia kazini, kwa sababu faili la siku ya kwanza ndilo litakalosomwa baadaye. Nani anachagua daktari hutegemea jimbo; Iowa ni mwajiri. Kama Kiingereza kinakupa taabu, omba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupatia bila malipo. Usikubali msimamizi wako awe mkalimani, wala usimbebeshe mtoto wako mzigo huo.

Hofu ya makaratasi

Wasio na vibali hudhani hawana lao. Majimbo mengi yanawahesabu kuwa wafanyakazi kama wengine, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Iowa iliamua kwamba mfanyakazi asiye na kibali anastahili fidia. Pennsylvania matibabu hulipwa, ingawa malipo ya mshahara yanaweza kusitishwa kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mwenye wasiwasi aanze kwa mwanasheria kabla ya kusaini chochote.

Na ukifukuzwa kwa kuripoti jeraha? Hilo ni kosa kisheria, lakini malalamiko kwa OSHA, idara ya usalama kazini ya serikali kuu, yanatakiwa ndani ya siku 30.

Jihadhari pia na hundi moja ya kumaliza shauri. Dola elfu kumi kwa mkupuo zinavutia mtu mwenye kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake. Lakini mara nyingi saini hiyo hufunga pia mlango wa matibabu ya mgongo huohuo miaka ijayo. Mwanasheria wa mashauri haya kwa kawaida hadai fedha mkononi. Hulipwa sehemu ya utakachopata, na sheria huweka kikomo, kwa mfano asilimia 20 Illinois na 25 Texas.

Wasomaji walioko nyumbani wasidhani haya ni ya ughaibuni tu. Kenya ina sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa ulemavu kamili wa kudumu inatoa mapato ya miezi 96. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Huko nako, anayefukia jeraha lake kwa panadol anaifukia na haki yake.

Jumuiya zetu, makanisa na misikiti huwapokea wageni kwa chakula na magodoro. Tuwape na somo hili kabla ya zamu ya kwanza. Mchango wa kumsafirisha marehemu tunaujua sana. Kumfundisha aliye hai adai chake hakutugharimu hata senti.