Uso Uliojengwa kwa Matabaka

Anayemtazama mchoraji wa kidijitali akianza kuchora uso wa binti hudhani kazi imeharibika. Kwenye skrini hakuna macho wala pua. Kuna umbo moja tu la kahawia, bapa kama lililokatwa kwenye karatasi ya manila. Hilo ndilo tabaka la kwanza. Kivuli, wekundu wa mashavu, nywele na mng'ao wa paji vitafuata, kila kimoja kwenye tabaka lake, ili kikikosewa kifutwe bila kugusa kingine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika wa katuni kwenye karatasi angavu za seluloidi, zikilazwa juu ya mandhari isiyobadilika. Lakini seluloidi haikuwa angavu kabisa: kila karatasi iliyoongezwa ilififisha rangi za chini yake. Kompyuta ilikuja kuiondoa kasoro hiyo kwa hesabu. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha kanuni za kuunganisha picha ambamo kila pikseli, mbali na nyekundu, kijani na buluu, ina namba ya nne inayosema imefunika kwa kiasi gani. Namba hiyo ikiwa 0.3, jicho linapata asilimia 30 ya rangi ya juu na asilimia 70 ya iliyo chini. Photoshop ilipopata matabaka mwaka 1994, hesabu hiyo ikafika mezani kwa wachoraji.

Utamu wenyewe uko kwenye kivuli. Tabaka lake huwekwa katika modi ya kuzidisha: namba za rangi mbili huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 255, namba ya juu kabisa ya rangi. Chukua ngozi yenye nyekundu 150, kijani 95 na buluu 60. Ukiizidisha na kijivu cha 150 kotekote, unapata 88, 56, 35. Ni kahawia ileile, imefifia tu kama chumba ambacho utambi wa taa umeteremshwa. Sasa tumia zambarau hafifu ya 180, 140, 190: unapata 106, 52, 45. Ukilinganisha na kijivu, wekundu umebaki zaidi, buluu imepanda, na shavu lina damu ndani yake. Kijivu ndicho kinachoua ngozi nyeusi kwenye picha, na inasikitisha kukiona mara nyingi kiasi hiki.

Mng'ao nao una siri yake. Mwanga unaodunda juu kabisa ya ngozi, kwenye mafuta yake, haujafika kwenye melanini, kwa hiyo hauchukui rangi ya ngozi. Juu ya ngozi nyeusi huonekana wazi zaidi, hasa puani na kwenye mfupa wa shavu.

Burashi ya kompyuta haina nywele, ni muhuri. Programu hugonga picha ndogo ileile tena na tena ikifuata mkono. Muhuri wenye upana wa pikseli 40, ukigongwa kila baada ya pikseli 4, hugongwa mara 200 hivi katika mstari wa pikseli 800, na jicho huona mkwaruzo mmoja laini. Ukiiachanisha mihuri hadi pikseli 50, unapata shanga.

Hapo ndipo burashi za kujitengenezea zinapoanza. Vinukta vichache visivyolingana, vikiburutwa, huwa nywele zilizochanwa. Kwa nywele za kipilipili mbinu hiyo haifai. Mchoraji huchora kikunjo kimoja kidogo, kisha huiamuru programu ikigeuze upande wowote kila kinapogongwa na kukirusha kidogo nje ya mstari. Mipigo michache tu, na kichwa kimejaa. Ukubwa wa kikunjo huufuata mkono: kalamu za kisasa za Wacom, kampuni ya Japani, hutambua hadi ngazi 8,192 za mgandamizo, tena bila betri, kwa kuwa bamba hutoa uga wa sumaku unaoamsha koili iliyo ndani ya kalamu.

Anayetaka kuichungulia kazi kutoka ndani ana bahati. Mfaransa David Revoy, anayechora katuni ya Pepper&Carrot tangu 2014 kwa programu ya bure ya Krita, hutoa burashi zake na mafaili yake ya kazi kwa yeyote. Fungua faili moja, bonyeza alama ya jicho pembeni mwa tabaka, na sehemu ya picha inatoweka. Bonyeza tena, inarudi.