Wanne Wametoka, Mpira Haujarushwa

Gaborone, Botswana, Septemba 12, 2021. Wanawake wa Uganda wanaichapa Kameruni katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Maeva Douma wa Kameruni, binti wa miaka 16, anakuja mbio kurusha mpira. Anafika kwenye wiketi, harushi. Anaangusha vijiti kwa mpira alioushika na kumgeukia mwamuzi. Mganda aliyekuwa kando yake alishavuka mstari. Kidole cha mwamuzi juu: nje! Siku hiyo Douma aliwatoa wanne kwa mtindo huohuo, na mjadala ukavuka mipaka ya Afrika.

Shabiki wa Dodoma aliyezoea kumzomea refa Uwanja wa Jamhuri anastahili maelezo. Kriketi huwa na wapigaji wawili uwanjani, mmoja kila upande wa njia ya mita 20 hivi. Mmoja anasubiri mpira; mwenzake yuko upande wa mrushaji, tayari kukimbia, maana mikimbio hupatikana wakipishana. Akichomoka mapema hatua mbili tatu, safari yake imefupishwa bure.

Sheria ya 41 ilimruhusu mrushaji kumtoa mtu huyo, tena bila onyo. Mwamuzi, kwa upande wake, hamtoi mtu mpaka wapinzani wadai. Wakishadai na mguu uko nje, hana pa kukwepea, isipokuwa nahodha aombe kufuta dai.

Bado wengi huuita uhuni. Ubishi ni wa tangu Desemba 1947, Vinoo Mankad wa India alipomtoa Bill Brown wa Australia mjini Sydney. Mankad alilaumiwa sana, ingawa Don Bradman, nahodha wa Brown mwenyewe, alimtetea. Ajabu kweli: aliyeiba hatua anahurumiwa, aliyemkamata anasutwa!

MCC ya London, klabu inayotunza sheria za kriketi, ilikihamisha kifungu cha kumtoa anayechomoka mapema Oktoba 1, 2022. Kikatoka kwenye Sheria ya 41, ya mchezo usio wa haki, kikaingia Sheria ya 38, pamoja na njia nyingine za kumtoa mkimbiaji.

Si ruhusa isiyo na mpaka, lakini. Januari 3, 2023, mjini Melbourne, mrushaji Adam Zampa alijaribu kumtoa Tom Rogers, akakataliwa kwa sababu mkono wake ulishapita juu ya bega. Mwezi huohuo MCC ikanyoosha maneno: mkono ukifika kileleni, nafasi imekwisha.

Uganda ilimaliza na mikimbio 190, Kameruni 35. Douma hakuiokoa timu yake, ila mara zote nne waamuzi walikuwa sahihi.